Kuandika maelezo ya zana ya utabiri wa hali ya hewa ili wakala wa akili mnemba aitumie ipasavyo

Wanaounda zana za wakala, yaani programu ya akili mnemba inayoamua yenyewe iite zana ipi ili kumjibu mtumiaji, huniuliza maswali yale yale. "Zana yangu nikiiita mwenyewe inajibu vizuri, mbona wakala haigusi?" "Mbona ameleta joto la mji mwingine kabisa?" "Mbona anasema mvua itanyesha alfajiri na data inaonyesha adhuhuri?" Ukifungua msimbo, mara nyingi hauna kasoro. Kasoro iko kwenye mistari miwili ya maelezo iliyoandikwa haraka haraka kazi ilipokaribia kwisha.

Mtaalamu wa programu akikutana na nyaraka pungufu atajaribu mwenyewe, atasoma msimbo, au atakuuliza. Wakala hana mlango huo. Anachopewa ni jina la zana, maelezo yake na orodha ya vigezo (thamani ambazo zana inapokea), na hapo hapo anaamua kama aiite au aiache. Pengo lolote utakaloacha atalijaza kwa kukisia, tena kwa lugha iliyonyooka kiasi kwamba aliyeuliza hatashtuka. Kwa hiyo maelezo haya yahesabu kuwa sehemu ya programu, uyaandike na kuyajaribu kama unavyoujaribu msimbo.

Uwe na haya kabla ya kuanza

- Zana inayofanya kazi. Kama bado huna chanzo cha data, Open-Meteo hutoa utabiri wa hadi siku 16 kwa latitudo na longitudo, na kwa matumizi yasiyo ya kibiashara haihitaji ufunguo wa API (njia ambayo programu moja huomba data kwa nyingine).
- Njia ya kuitangaza zana kwa modeli, yaani akili mnemba iliyo ndani ya wakala. Inaweza kuwa MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024, au mfumo wa kuita funksheni unaotolewa na watoa huduma wa modeli. Kote utatakiwa vitu vile vile vitatu: jina, maelezo na skima ya JSON (orodha rasmi ya vigezo, aina zake na mipaka yake).
- Majibu halisi ya API uliyoyahifadhi kwenye faili: moja la kawaida, moja lenye thamani zilizokosekana, na moja la kosa. Usiandike maelezo kwa kumbukumbu. Andika huku umelifungua jibu lenyewe.
- Maswali kama 20 ya watumiaji, na robo yake yawe maswali ambayo zana yako haipaswi kuyajibu.
- Rekodi ya kila mwito: wakala aliita zana gani, kwa thamani zipi, akapokea nini. Bila rekodi hii utakuwa unabahatisha.

Hatua ya 1: Chora mipaka ya zana

Kabla ya kuandika inachofanya, andika pembeni isichofanya. Utabiri ni jambo moja, hali ya dakika hii ni jingine, historia ni la tatu, na tahadhari rasmi ya dhoruba ni la nne. Kwa binadamu yote hayo ni "hali ya hewa". Kwa zana yako huenda ni moja tu kati ya manne.

Andika pia inafika umbali gani mbele na inahusu eneo gani. API ya National Weather Service, kwa mfano, inahusu Marekani na maeneo yake. Wakala asiyeambiwa hivyo ataipelekea sehemu yoyote duniani, kisha atapokea kosa na kulieleza anavyojua yeye.

Hatua ya 2: Chagua jina

Jina liseme tendo na kitu: `pata_utabiri_wa_siku`, `pata_hali_ya_sasa`, `tafuta_mahali`. Jina kama `hali_ya_hewa` ni pana mno, na `utabiri_mpya_2` halimwambii wakala kitu. Tumia herufi za kawaida, tarakimu na mstari wa chini, bila nafasi. Jina likishaeleweka, songa mbele. Kazi kubwa iko hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Andika maelezo

Zana yangu ya kwanza ilikuwa na maelezo ya maneno manne: "Hurudisha hali ya hewa." Mtu akauliza kama mvua ilinyesha jana. Wakala akaiita, akapokea utabiri wa leo, akajibu kwamba jana zilinyesha milimita 4. Kwenye rekodi hapakuwa na kosa lolote. Kila kitu kilikuwa kimekwenda kama kilivyoandikwa, na mtu yule aliondoka na uongo.

Leo ningeyaandika hivi:

> Hutoa utabiri wa hali ya hewa wa kila siku kwa sehemu moja duniani, kuanzia leo hadi siku 16. Itumie mtumiaji anapouliza kuhusu mvua, joto au upepo wa leo au wa siku zijazo. Usiitumie kwa siku zilizopita, kwa hali ya dakika hii (ita pata_hali_ya_sasa), wala kwa tahadhari rasmi za dhoruba au mafuriko. Mtumiaji akitaja mahali kwa jina, ita tafuta_mahali kwanza upate latitudo na longitudo, usizikisie. Hurudisha joto kwa nyuzi za Selsiasi, mvua kwa milimita na upepo kwa kilomita kwa saa. Siku huhesabiwa kwa saa za mahali husika. Kuanzia siku ya 8, mweleze mtumiaji kwamba huo ni mwelekeo tu.

Ndani yake mna mambo matano: inafanya nini, lini iitwe, lini isiitwe, kipi kitangulie, na kinachorudi kina vipimo gani. Sentensi ya "usiitumie" ndiyo wanaoanza huisahau, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Zana zikiwa tatu nne zinazofanana, wakala huzitofautisha kwa mipaka yake kuliko kwa sifa zake.

Wengi huuliza waandike kwa lugha gani. Andika kwa lugha unayoweza kuwa sahihi nayo, na usichanganye mbili katika sentensi moja. Ukiwa na shaka, jaribu matoleo mawili kwa maswali yako yale 20 uone lipi linaleta miito sahihi.

*Angalia:* usigeuze maelezo kuwa tangazo. "Zana bora, ya haraka na ya kuaminika" haimsaidii wakala kuamua, na kila neno linachukua nafasi katika kile ambacho modeli inasoma kwenye kila mazungumzo.

Hatua ya 4: Eleza vigezo kimoja kimoja

```
"latitudo":  {"type": "number", "minimum": -90, "maximum": 90,
  "description": "Nyuzi za desimali. Kaskazini mwa ikweta ni chanya,
  kusini ni hasi. Mfano: 32.89"},
"longitudo": {"type": "number", "minimum": -180, "maximum": 180,
  "description": "Nyuzi za desimali. Mashariki ni chanya,
  magharibi ni hasi. Mfano: 13.19"},
"siku":      {"type": "integer", "minimum": 1, "maximum": 16,
  "default": 3,
  "description": "Idadi ya siku. Leo ni siku ya 1."}
```

Mfano huo ni wa Tripoli, mji mkuu wa Libya, nami nimeuchagua kwa makusudi. Geuza namba hizo mbili, 13.19 iwe latitudo na 32.89 iwe longitudo, utajikuta Sudan, karibu na mji wa Kosti. Zote mbili ziko ndani ya mipaka inayoruhusiwa, kwa hiyo skima haitapiga kelele, na joto litakalorudi litaaminika kabisa. Kosa hili ni rahisi kulifanya kwa sababu muundo wa data za ramani uitwao GeoJSON hutanguliza longitudo, ilhali watu wengi wakitaja mahali hutanguliza latitudo. Usipokee jozi ya namba ndani ya orodha. Viwe vigezo viwili vyenye majina.

Tripoli ina somo la pili. Kuna Tripoli ya Libya na Tripoli ya Lebanon. `tafuta_mahali` ikirudisha matokeo zaidi ya moja, irudishe na nchi ya kila moja, na maelezo yake yamwambie wakala amuulize mtumiaji pale ambapo mazungumzo hayaonyeshi ni ipi. Ukinyamaza, atachukua ya kwanza kwenye orodha.

Desimali nyingi hazikuongezei usahihi. Nyuzi 0.01 za latitudo ni kama kilomita 1.1, na miraba ambayo modeli za utabiri za dunia nzima huigawia dunia ni mipana kuliko hapo. Desimali mbili au tatu zinatosha. MET Norway, huduma ya hali ya hewa ya Norway, yenyewe inataka usizidishe nne.

*Angalia:* neno `default` ndani ya skima ni taarifa tu. Wakala asipoleta idadi ya siku, hakuna atakayeitia ile 3 isipokuwa msimbo wako.

Hatua ya 5: Panga majibu, hasa vipimo na saa

Watu wengi hueleza kinachoingia na kusahau kinachotoka. Nikimwonyesha mtu `"upepo": 10`, hawezi kujua kama ni upepo mwanana au ni wa kuyumbisha matawi. Mita 10 kwa sekunde ni kilomita 36 kwa saa. Maili 10 za baharini kwa saa ni kilomita 18.5. Tia kipimo ndani ya jina la kila sehemu ya jibu: `upepo_kmh`, `joto_juu_selsiasi`, `mvua_mm`. Maelezo yanaweza kuwa mbali na jibu mazungumzo yakirefuka, lakini jina linasafiri pamoja na namba.

Mvua inahitaji neno la ziada: ni ya muda gani? Katika data za kila saa za Open-Meteo, mvua iliyoandikwa mbele ya 15:00 ni jumla ya saa iliyotangulia, yaani kuanzia 14:00 hadi 15:00. Usipoliandika hilo, wakala ataisogeza mvua saa nzima mbele. Na `uwezekano_wa_mvua_asilimia: 30` uueleze kuwa ni nafasi ya mvua kunyesha mahali hapo katika kipindi hicho. Nimeshaona wakala akiutafsiri kuwa mvua itanyesha kwa asilimia 30 ya siku.

Misimbo ya hali ya anga itafsiri wewe, ndani ya zana. Katika jedwali linalofuata misimbo ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, 0 ni anga safi, 3 ni mawingu yaliyofunika anga, 45 ni ukungu, 61 ni mvua hafifu, 65 ni mvua kubwa na 95 ni mvua ya ngurumo. Modeli nyingi zina kumbukumbu ya jedwali hili, lakini kumbukumbu inateleza. Rudisha maneno.

Thamani isiyopatikana iwe `null`, kamwe isiwe 0. Sifuri ya mvua maana yake ni ukavu. `Null` maana yake hatujui. Liandike hilo kwenye maelezo, kwa sababu wakala akiona pengo huelekea kulisoma kama "hakuna mvua".

Sasa saa, palipo na makosa mengi kuliko pengine pote. Tumia muundo wa ISO 8601 pamoja na tofauti ya saa: `2025-03-14T15:00+02:00`. Ukiita Open-Meteo bila kutaja ukanda wa saa, itakupa saa za GMT, na wakala atazisoma kama saa za mahali. Kwa Tripoli ya Libya hilo ni kosa la saa mbili. Kwa sehemu za mashariki ya mbali ni siku nyingine kabisa. Taja ukanda kwa jina lake kamili, kama `Africa/Tripoli`. Jumla za siku nazo zinategemea hapo, maana siku inaanza usiku wa manane wa nani?

Wakala hajui leo ni tarehe ngapi isipokuwa ameambiwa. Kila jibu libebe sehemu ya `sasa_mahali_hapo`, ili "kesho" ihesabiwe kutoka kwenye tarehe ya kweli.

Na kama watumiaji wako wanauliza kwa Kiswahili, ongeza sentensi moja zaidi. Mtu akisema "kesho saa nane mchana itanyesha?" anamaanisha 14:00. Wakala asiyekumbushwa anaweza kuangalia safu ya 08:00 na kujibu kwa ujasiri. Andika: "Mtumiaji akitaja saa kwa Kiswahili, saa moja asubuhi ni 07:00 na saa moja jioni ni 19:00, asipotaja sehemu ya siku, muulize."

Mwisho, punguza wingi. Utabiri wa kila saa kwa siku 16 ni safu 384, na kila safu ina vipimo vyake. Hayo yote yataingia kwenye kile ambacho modeli inasoma na kusukuma pembeni mambo ya maana. Toa muhtasari wa siku kwa kawaida. Data za kila saa ziwe zana tofauti yenye kikomo cha saa 48.

Hatua ya 6: Andika makosa yanayoonyesha njia

"Kosa 400" halimsaidii wakala. Ujumbe wa kosa umwambie kimeharibika nini na afanye nini baada ya hapo:

- "Latitudo 132 haipo. Lazima iwe kati ya -90 na 90. Huenda umebadilishana latitudo na longitudo."
- "Umeomba siku 20, kikomo ni 16. Ita tena kwa 16 au chini, na umweleze mtumiaji kuwa zaidi ya hapo hakuna utabiri."
- "Maombi yamezidi kiwango. Usiite tena kabla ya sekunde 60."
- "Chanzo cha data hakipatikani kwa sasa. Usibuni utabiri, mwambie mtumiaji ajaribu baadaye."

Ile "usibuni utabiri" naiandika waziwazi kila mara. Modeli ina mazoea ya kusaidia, na ikikosa data itaona heri itoe kitu.

Ukitumia MCP, kosa la namna hii lirudishe ndani ya jibu la zana ukiweka `isError` kuwa kweli. Ukilitupa kama kosa la itifaki, huenda modeli isiuone ujumbe wako kabisa.

Hatua ya 7: Linda maandishi yanayotoka nje

Kama zana inarudisha maandishi huru, mathalani maneno ya tahadhari au majina ya mahali yaliyoandikwa na watu, yatenge katika sehemu yake na uandike kwenye maelezo kuwa hayo ni taarifa ya kusomwa, si maagizo ya kufuatwa. Maandishi yoyote kutoka nje yanaweza kubeba sentensi iliyopandwa ili kumpotosha wakala. Sentensi yako peke yake haizuii yote, kwa hiyo usimpe wakala huyo huyo ruhusa za hatari, kama kufuta au kutuma vitu, bila binadamu kuthibitisha.

Hatua ya 8: Jaribu kwa wakala halisi

Chukua maswali yako 20, yapitishe yote, kisha soma rekodi kabla ya kusoma majibu. Jibu zuri linaweza kutoka kwenye mwito mbaya. Angalia: zana iliitwa ilipotakiwa? Iliachwa ilipotakiwa kuachwa? Thamani zilitoka kwenye `tafuta_mahali` au zilikisiwa? Hakikisha ndani ya maswali yamo "jana ilinyesha?", "mwezi ujao je?", swali la Tripoli bila nchi, na swali lenye saa ya Kiswahili.

Ukirekebisha, badilisha sentensi moja tu, kisha pitisha maswali yote upya. Ukibadilisha tano kwa mpigo hutajua ipi ilitibu na ipi ilileta ugonjwa mpya.

Mambo yakienda mrama

*Wakala haiiti zana, anajibu kutoka kichwani.* Maelezo hayasemi lini iitwe. Taja maneno ambayo watu huyatumia kweli: mvua, jua, joto, baridi, upepo, mwavuli.

*Anaiita hata kwa maswali ya tabianchi, kama "miezi gani huwa ya mvua?"* Sehemu ya "usiitumie" haijitoshelezi. Ongeza kwamba zana haijui wastani wa miaka.

*Anaiita mara sita kwa mji mmoja.* Pengine anaita siku moja moja kwa sababu hakuona kigezo cha `siku`. Au jibu halionyeshi utabiri ulitolewa lini, naye anadhani akiita tena atapata kipya. Tia sehemu ya `umetolewa`. GFS, modeli ya utabiri wa hali ya hewa ya Marekani, kwa mfano, huendeshwa mara 4 kwa siku, saa 00, 06, 12 na 18 za UTC, hivyo kuuliza kila dakika hakuleti jipya. Wakati huo huo, hifadhi jibu kwenye seva yako kwa muda ili miito ya marudio isifike kwenye chanzo.

*Mji ni sahihi lakini joto ni la ajabu.* Angalia kwanza kama latitudo na longitudo zimepishana, kisha kama alama ya hasi imepotea. Sehemu iliyo kusini mwa ikweta ikikosa hasi huhamia kaskazini kimya kimya. Njia rahisi ya kulinasa kosa hili ni kurudisha ndani ya jibu jina la nchi ya sehemu uliyotabiria, ili wakala mwenyewe aone mgongano.

*Saa zote zimesogea kwa kiasi kile kile.* Ni ukanda wa saa. Zikisogea kwa saa sita kamili, angalia kama tatizo ni saa ya Kiswahili kabla ya kuugusa msimbo.

*Anazungusha namba kupita kiasi au anatoa uhakika usiokuwapo.* Jibu lako halina dalili ya shaka. Rudisha uwezekano pamoja na kiasi, na kwenye maelezo mwelekeze aseme vyote viwili.

*Ulirekebisha maelezo lakini tabia haijabadilika.* Programu nyingi husoma orodha ya zana mara moja tu zinapounganishwa na seva. Funga, unganisha upya, kisha tazama kwenye rekodi kama maelezo yaliyomfikia wakala ni haya mapya.